Land Rover ya zamani na breki za diski

Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mombo, kule chini kwenye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, haifiki mita 500. Katikati ni kilomita 30 na ushei za kona zilizochongwa ubavuni mwa Usambara, mwamba huku, bonde kule, na ukishaanza kushuka hupati tambarare ya maana mpaka uingie Mombo. Dereva wa Land Rover 109 ya miaka ya 1970 anaisoma njia hii kwa mguu wa kulia. Huko juu pedali inashika mapema. Kufika nusu ya njia imeanza kuzama. Akikaribia chini inambidi akanyage mara mbili, ya kwanza kujaza, ya pili kushika.

Hali hiyo ina hesabu yake. Gari linaloshuka mita 900 huachia nishati sawa na ya kulisimamisha kabisa kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa, mara 35 hivi. Liwe tupu au limejaa kabichi na pea za kupeleka sokoni, idadi ni ileile; uzito unaongeza tu ukubwa wa kila kisimamo. Injini inabeba sehemu ya mzigo huo ukishuka kwa gia nzito, na upepo na tairi zinabeba kidogo. Kinachobaki chote kinageuka joto ndani ya breki, na breki za 109 ni dramu nne za chuma zilizofunikwa kila upande.

Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo wenye magari ya zamani huulizana kila wanapokutana: tutoe dramu tufunge diski? Kwa gari linalofanya kazi milimani, jibu langu ni ndiyo. Lakini asiyekuwa tayari kugusa mfumo mzima, kuanzia pedali hadi tairi, aache dramu zake mahali pake na azitunze. Breki ya diski iliyofungwa nusunusu ni ya hatari kuliko dramu iliyorekebishwa vizuri.

Tuanze na kosa la dramu. Shuu mbili zimekaa ndani yake, zimevaa lainingi, na ukikanyaga pedali wili silinda inazisukuma nje zikasugue ukuta wa ndani. Dramu ikipata moto inatanuka, kwa hiyo ukuta unazikimbia shuu, na pistoni inalazimika kwenda mbali zaidi kuufuata. Ndiyo maana pedali inazama. Wakati huohuo lainingi yenyewe ikipita joto lake inapoteza ukali na kuanza kuteleza. Dereva anaongeza nguvu, nguvu inaongeza joto, joto linapunguza mshiko. Maji nayo yana mkasa wake: ukivuka mto, dramu inabaki na maji ndani, na breki ya kwanza baada ya kupanda ukingo inaweza isishike kabisa. Madereva wa zamani walijua kutembea mita mia kadhaa huku wakigusa pedali taratibu mpaka zikauke.

Diski haina pa kufichia joto wala maji. Ni sahani ya chuma inayozunguka hadharani, na kaliperi inaibana kwa pedi mbili kutoka pande zote mbili, kama breki ya baiskeli inavyobana ringi. Upepo unaipiga muda wote. Maji yanarushwa nje na mzunguko. Na ikipata moto inanenepa kuelekea kwenye pedi, haizikimbii. Tofauti hiyo ya mwisho ni ndogo kwa maneno na kubwa sana mlimani.

Kama ni hivyo, kwa nini dramu imeishi muda mrefu? Kwa sababu ina kipaji ambacho diski haina. Shuu inayoelekea upande gurudumu linakozunguka huvutwa na dramu yenyewe na kujikaza zaidi ya ulivyoisukuma. Mguu wako unaomba kidogo, dramu inaongeza. Kwenye magurudumu ya mbele ya 109, wahandisi waliweka silinda mbili kwa kila gurudumu, kila moja ikisukuma shuu yake, ili shuu zote mbili zivutwe namna hiyo gari linapokwenda mbele. Ubaya wake unauona gari likikuponyoka na kurudi nyuma kwenye mlima: shuu zote mbili zinakuwa upande usiosaidiwa, na breki za mbele zinalegea ghafla. Aliyewahi kuzimikiwa na injini katikati ya mpando akiwa na mzigo anajua ninachosema.

Diski haijisaidii. Nguvu yote lazima itoke kwenye mguu, au itoke kwenye busta. Hili tulishike, maana ndilo chimbuko la nusu ya matatizo ya wanaobadilisha.

Wazo la diski si geni hata kidogo. Mwingereza Frederick Lanchester aliliandikia hataza mwaka 1902, mwaka uleule ambao Louis Renault kule Ufaransa alikuwa akitengeneza dramu. Diski ya Lanchester ilibanwa kwa shaba, ilipiga kelele na kuisha upesi kwenye barabara za vumbi za siku zile, na dramu ikatawala miaka 50. Kilichogeuza mambo ni ushirikiano wa Dunlop na Jaguar. Stirling Moss alishinda Reims mwaka 1952 kwa Jaguar C-type yenye diski, na mwaka uliofuata Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda saa 24 za Le Mans kwa wastani wa kilomita 170 kwa saa. Wapinzani wenye dramu walilazimika kuanza kupunguza mwendo mapema mwishoni mwa ule mnyoosho mrefu wa Mulsanne, huku Jaguar zikiendelea kukimbia, mzunguko baada ya mzunguko, usiku kucha. Mwaka 1955 Citroën ikaleta DS, ikiwa na diski mbele, gari la kununuliwa na mtu wa kawaida.

Land Rover walichelewa mno, na hili linanikera kwa sababu ujuzi walikuwa nao nyumbani. Range Rover ya mwaka 1970 ilitoka kiwandani na diski kwenye magurudumu yote manne. Land Rover ya kazi, ile iliyouzwa kwa polisi, misheni, wakulima na idara za wanyamapori kote Afrika Mashariki, ilisubiri mpaka 1983, One Ten ilipofika na diski mbele. Kwa miaka 13 kampuni moja iliuza breki bora kwa mwenye nacho na dramu kwa anayebeba mzigo mlimani.

Hata hivyo dramu isidharauliwe. Mwaka 1964 Safari Rally ilichukuliwa na Ford Cortina GT, gari lenye diski mbele. Ungedhani hesabu ilikuwa imefungwa. Mwaka uliofuata Joginder Singh na mdogo wake Jaswant wakaibuka na Volvo PV544, dramu kila gurudumu, wakashinda. Kisha Peugeot 404 ikashinda mfululizo 1966, 1967 na 1968, nayo ikiwa na dramu. Tope la Safari linatafuna pedi na kukwaruza diski, na dramu iliyofungwa vizuri inavumilia. Juu ya yote, mafundi wa magari yale walizifungua na kuzirekebisha kila walipopata nafasi. Dramu inayorekebishwa kila mara ni breki nzuri. Dramu inayosahauliwa mwaka mzima ndiyo iliyochafua jina lake.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, fungua magurudumu yote manne uone unachokiacha. Mara nyingi utakuta sili ya habu imevujisha oili juu ya lainingi, wili silinda moja imekwama kwa kutu, na marekebisho ya shuu hayajaguswa tangu zilipofungwa. Mipira ya breki iliyozeeka huvimba kwa ndani mpaka njia inaziba: mafuta yanapita ukikanyaga, hayarudi ukiachia. Gari likivuta upande mmoja, hapo ndipo pa kuanzia. Nimeona gari ambalo baada ya kubadilishiwa mipira, silinda na sili, na shuu kurekebishwa moja baada ya nyingine, mwenyewe hakuzungumza tena habari za diski. Gari lake lilikuwa la Jumapili, la tambarare, na kwa matumizi hayo lilimtosha.

Na unapofungua dramu za miaka ile, usipulize vumbi kwa kompresa. Lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto zinasababisha saratani, na ugonjwa hujitokeza miongo kadhaa baada ya mtu kuvuta vumbi lile. Katika gereji nyingi za kwetu kijana wa kazi ndiye anayepewa mpira wa upepo asafishe, na vumbi linatua kwenye nguo anazokwenda nazo nyumbani. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitie kitambaa kwenye mfuko, funga, tupa. Kazi hiyo haichukui muda, na hakuna sababu yoyote ya kuiruka.

Ukishaamua kubadilisha, anza na magurudumu ya mbele tu. Gari likifunga breki uzito unakimbilia mbele, kwa hiyo mbele ndiko kazi kubwa inakofanyika na ndiko joto linakolundikana. Nyuma dramu zibaki. Kwa 109 kuna seti zinazouzwa zikiwa kamili, na kuna wanaohamisha ekseli nzima ya One Ten au Range Rover. Hili la pili linaonekana rahisi mpaka ukumbuke kwamba 109 imekaa juu ya spring za majani, na ekseli zile zilitengenezwa kwa spring za koili. Inabidi kukata na kuchomelea vikalio vipya, kwa pembe sahihi, juu ya kitu kinachobeba usukani wako. Kama mchomeleaji wako si wa kiwango cha kumwamini kwa maisha yako, nunua seti. Magari mengine yana bahati zaidi. Wenye Land Cruiser FJ40 wamekuwa wakichukua kaliperi za Hilux kwa miaka mingi. Volkswagen ya mgongo wa kobe nayo ilipata diski mbele kutoka kiwandani katika toleo la 1500 la mwaka 1966, na kwa kuwa injini iko nyuma na pua ni nyepesi, iliweza kwenda bila busta.

Land Rover iliyojaa haiwezi. Inahitaji busta, na busta inahitaji vakyumu. Injini ya petroli inaitengeneza yenyewe kwenye manifoldi. Dizeli haina vakyumu ya namna hiyo, kwa hiyo lazima ipewe pampu. Wanaofunga injini za Toyota kwenye Land Rover zao wana nafuu, kwa sababu dizeli nyingi za Toyota, kama 2L na 3L, zina pampu ya vakyumu mgongoni mwa alternata. Ila alternata ikibadilishwa kwa isiyo na pampu, dereva anagundua siku anakanyaga pedali na kuikuta ngumu kama hakuna kitu nyuma yake.

Sasa masta silinda, ambako ndiko ninakoona magari yakiharibiwa zaidi. Kaliperi ina pistoni kubwa kuliko wili silinda na inadai mafuta mengi zaidi kwa kila mkanyago. Masta silinda yenye tundu dogo itakupa pedali laini inayokwenda mbali. Yenye tundu kubwa itakupa pedali fupi na ngumu. Kipimo lazima kilingane na kaliperi ulizofunga. Kikopo cha mafuta nacho kiwe kikubwa, maana kadiri pedi zinavyoisha pistoni zinasogea nje na mafuta yanahamia kwenye kaliperi.

Halafu kuna kivali kidogo ambacho wengi hawajui kama kipo. Mifumo mingi ya zamani ya dramu ina kivali kwenye mdomo wa masta silinda kinachobakiza shinikizo kidogo kwenye paipu hata ukishaachia pedali, ili raba za wili silinda zikae zimekaza na hewa isipenye. Shuu hazidhuriki, kwa sababu zina spring zenye nguvu za kuzirudisha. Kaliperi haina spring. Pistoni yake hurudishwa na raba inayopinda kidogo wakati wa kukanyaga na kujinyoosha unapoachia, umbali ambao jicho haliuoni. Shinikizo la kivali kile likifika kwenye kaliperi, pedi hazitoki kwenye diski. Gari linaondoka gereji likiwa zima, dereva amefurahi, pedali iko juu na ngumu. Baada ya kilomita kadhaa diski zimepata moto. Mafuta yanatanuka na kuzibana pedi zaidi. Gari linakuwa zito, harufu ya kuungua inaingia kabini, na mwisho mafuta yanachemka. Mvuke unabanika, mafuta hayabaniki. Pedali inakwenda mpaka sakafuni bila kitu. Yote hayo kwa sababu ya kipande kidogo kuliko ukucha, kilichoachwa mahali pake na fundi aliyebadilisha magurudumu peke yake.

Mafuta ya breki yenyewe hunyonya unyevu kutoka hewani mwaka hadi mwaka. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishajaa unyevu kiwango chake ni 155. DOT 3 inaanzia 205 na kushuka hadi 140. Kwa anayeshuka milima, tofauti hiyo ndiyo inayoamua, kwa hiyo toa mafuta yote ya zamani, usijazie tu juu. Na usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni na haipatani na hizo.

Ukiwa unafungua paipu, ondoa pia mfumo wa njia moja. Land Rover nyingi za zamani zina masta silinda inayosukuma mafuta kwenye magurudumu yote kwa njia moja tu. Paipu moja ikipasuka popote, huna breki popote. Masta silinda ya njia mbili inatenganisha mbele na nyuma, ili upande mmoja ukifa mwingine ubaki. Mtu akinishika aniambie nichague badiliko moja tu kwenye gari la zamani, nitachagua hili kabla ya diski.

Uwiano wa mbele na nyuma unataka subira. Nyuma zikikaza kabla ya mbele, mkia unapita na gari linageuka. Weka vali ya kugawa shinikizo kwenye paipu ya nyuma, ile inayorekebishika, kisha tafuta uwanja wa changarawe usio na watu. Anza na mwendo wa kilomita 30 kwa saa, kanyaga kwa nguvu, na mtu aliyesimama pembeni, mbali na njia ya gari, atazame magurudumu yapi yanaanza kuburuza. Lazima yawe ya mbele. Rudia gari likiwa na mzigo na likiwa tupu. Pedi mpya nazo zinahitaji kuzoeana na diski: vunja mwendo kwa wastani mara kadhaa, ukiacha nafasi ya kupoa katikati, kabla hujaziamini. Baada ya kutembea kidogo bila kugusa breki, simama kwa kuacha gari liishiwe mwendo lenyewe, kisha sogeza mkono karibu na kila ringi, bila kugusa. Ukisikia moja ina moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, rudi gereji.

Mwenye gari dogo anayetaka diski hadi nyuma atakutana na swali la handbreki, kwa sababu kaliperi ya kawaida haina pa kufungia waya. Mwenye Land Rover hana swali hilo. Handbreki yake inashika shafti inayotoka nyuma ya giaboksi, kwenye dramu yake ya peke yake, haihusiani na magurudumu. Lakini akumbuke kwamba akilinyanyua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaruhusu gurudumu hilo kuzunguka na gari kusogea hata handbreki ikiwa imevutwa. Weka mawe au vigingi kwenye tairi kwanza, ndipo ushike jeki.

Yapo magari ambayo singeyagusa: yaliyoshiriki Safari za zamani, yaliyobaki na vipuri vyake vyote vya kiwandani, yale ambayo mtu akiyatazama anaona jinsi yalivyotoka mwaka ule. Hayo yaendeshwe taratibu na dramu zake zirekebishwe kila mara. Kwa mengine yote, dramu zilizotolewa zisiende kwa wauza chuma chakavu. Zipake grisi, zifunge pamoja na bamba zake, wili silinda, masta silinda ya zamani na boliti zote, uandike kila moja ilitoka gurudumu lipi. Atakayelinunua gari baada yako anaweza kutaka kulirudisha lilivyokuwa, na vipuri hivyo kila mwaka vinazidi kuwa adimu.